Lango la Bibi Harusi na Jeneza

Cik Hwa alikuwa mwoga, na mtaa mzima wa Karangturi ulilijua hilo. Pikipiki ikikohoa ghafla barabarani, yeye alikuwa keshafika jikoni, mgongo umegota ukutani. Muuza tofu akigonga mlango wa pembeni asubuhi, aliulizwa "Nani?" mara tatu, na muuza tofu huyo alikuwa akiugonga mlango uleule tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Ni mimi, Cik! Umeona wapi jambazi anauza tofu?"

Hata hivyo angechungulia kwanza kwenye tundu, amtazame juu mpaka chini, ndipo atoe komeo.

Walimwita Cik, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu hakuwahi kuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Alizaliwa katika nyumba ile, akakulia mle, akazeekea mle. Babu wa babu yake ndiye aliyeijenga, aliyeshuka Lasem, mji wa pwani ya Java, kutoka China akiwa kijana, akaoa Mjava, akatajirika kwa batiki. Paa la nyumba lilikunjwa ncha kwa mtindo wa kwao alikotoka, lakini baraza ilikuwa ya kwao mkewe. Katikati ilikaa nyumba kuu yenye meza ya mababu na chetezo cha udi. Kushoto na kulia vyumba virefu ambamo sasa walilala popo. Nyuma kiwanda cha batiki. Vyote hivyo vilizungukwa na ukuta ambao mtu aliyepanda farasi asingeona ng'ambo yake, na mbele kulikuwa na lango la mtiki, mbao zake nene kama godoro.

Lango hilo lilifunguliwa kwa mambo mawili tu: bibi harusi na jeneza. Vingine vyote, iwe gunia la mchele au mkuu wa wilaya, vilipita mlango wa pembeni. Bibi yake Hwa alikuwa na kauli yake, na aliisema huku akichambua dagaa, bila kuinua macho: "Lango likifunguliwa bila bibi harusi, litajitafutia jeneza lenyewe." Mtoto akiambiwa neno kama hilo akiwa na miaka mitano, halimtoki tena. Hwa aliona lango likifunguliwa mara tatu maishani mwake: bibi alipotoka, mama alipotoka, na baba alipotoka.

Mara moja tu lilikaribia kufunguliwa kwa furaha, na furaha hiyo ingekuwa yake. Alikuwa anaelekea miaka thelathini, amechumbiwa na mtu wa Tuban mwenye duka la vitambaa, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Baba yake alizipaka bawaba za lango mafuta ya nazi. Kisha ghasia dhidi ya Wachina zikaja, za pili katika maisha yake. Zile za kwanza zilimkuta msichana wa shule. Mawe yalinyesha juu ya vigae, akajitumbukiza katika pipa la rangi kule kiwandani, na mama yake alipomtoa miguu ilikuwa myekundu mpaka magotini. Mama akapiga yowe akidhani ni damu, kumbe ni ule wekundu wa Lasem ambao wenyewe huuita damu ya kuku. Zile za pili hazikuvunja kitu ila dirisha moja na uchumba. Watu wa Tuban walituma salamu kwamba wakati si mzuri, tusubiri. Alisubiri. Mafuta ya nazi yalikauka kwenye bawaba, mwenye masikio akaoa Surabaya, na wakati haukuwahi kuwa mzuri.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na baba yake Hwa aliishi kwa neno hilo, ingawa sikumbuki kicheko chochote katika nyumba ile. Aliteremsha ubao wa jina la ukoo akauficha chini ya mbao za kitanda. Akajiandikisha kwa jina la Kijava. Akamfundisha binti yake kutembea bila viatu, kusema kwa sauti ya chini, na kutochoma udi upepo ukielekea barabarani. Binti alikuwa mwanafunzi hodari mno.

Kwa hiyo Yudi, mpwa wake, mtoto wa kaka yake marehemu aliyeoa na kuzikwa Semarang, alipokuja kutoka huko akaketi barazani na kutamka neno "lango", Cik Hwa aliiweka bilauri ya chai chini kabla haijamponyoka.

"Shangazi, mwaka wa tatu sasa nakuambia habari za paa. Safari hii halivuki msimu mwingine wa mvua," Yudi alisema. Alikuwa amesomea ujenzi, na alipanda darini asubuhi ile akashuka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. "Mchwa wamekula boriti mbili. Lakini kuna watu wako tayari kutusaidia kutengeneza. Nyumba kuu ibaki ilivyo, meza ya mababu isiguswe. Vyumba vya kando vilaze wageni. Kiwanda kiendelee, mama Ngatemi na wenzake wafundishe vijana. Na uani tuweke meza, watu wa mtaa waje kunywa kahawa."

"Watu wa mtaa gani?"

"Wa hapa, shangazi. Wale pale nje."

"Humu ndani?"

"Ndiyo sharti lenyewe. Nyumba iwe hai, iwe ya watu wa Lasem pia, isiwe ya wageni tu. Lango liwe wazi mchana kutwa."

"Mlango wa pembeni una kasoro gani?"

"Mlango wa pembeni, mtu mnene anaingia kwa awamu."

"Nimesikia!" Ngatemi aliitikia kutoka kiwandani, ambako alikuwa amekaa mbele ya jiko dogo la nta, kitambaa mapajani. "Anayetajwa ni mimi!"

Ngatemi alikuwa ameingia nyumba ile akiwa msichana wa kuchora batiki, na sasa alikuwa bibi wa wajukuu saba, kitambaa cha kichwa kimejaa madoa ya nta. Alikuwa Mwislamu wa kijiji cha jirani, mnene, mwepesi wa maneno, na ndiye mtu pekee ambaye Cik Hwa hakumwuliza "Nani?".

Yudi alicheka, lakini shangazi yake hakucheka. Alimweleza mpwa wake kauli ya bibi, bibi harusi na jeneza, akimnyooshea kidole.

Kijana hakumdharau. Hilo namsifu nalo. Alisema, "Basi tuwaulize wenye nyumba wenyewe. Wewe ndiye uulize, mimi wamezoea kuniona siku za sikukuu tu. Wakikubali, tunafungua. Wakikataa, sitalitaja tena."

Kuwauliza mababu si kazi ngumu. Ni vipande viwili vya mzizi wa mwanzi, kila kimoja umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa na mwingine umebinuka. Unachoma udi, unasema swali lako, unavitupa sakafuni. Vyote viwili vikilala chali, wazee wanakucheka tu. Vyote vikilala kifudifudi, wamekataa. Kimoja chali na kimoja kifudifudi, wamekubali. Na neno zito kama hilo huulizwa mara tatu.

Yudi alikwenda kununua lontong, wali wa kufungwa kwa majani ya mgomba, kwa ajili ya chakula cha mchana, ili asionekane anawashinikiza wazee. Cik Hwa akabaki peke yake mbele ya meza. Alijua anachotaka kuambiwa. Alitaka hapana, hapana kubwa yenye sauti, ili alale usingizi wake. Alipiga magoti, akauliza, akatupa.

Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Labda mkono uliteleza. Akatupa tena, na kipande kimoja kikabingiria hadi kwenye mguu wa meza, kikasita, kikalala chali, mwenzake kifudifudi. Mara ya tatu alifumba macho, na alipoyafumbua jibu lilikuwa lilelile, limelala sakafuni wazi kabisa. Wazee wamekubali. Lango litafunguliwa, na kwa kuwa hakuna bibi harusi katika nyumba ile, alijua vizuri sana ni nani atakayetolewa.

Aligeuka akamkuta Ngatemi mlangoni na sinia la chai.

"Nimeleta chai," Ngatemi alisema, macho yakiwa sakafuni. Aliweka sinia akaondoka.

Yudi aliporudi na chakula chake, vipande vilikuwa vimesharudi mahali pake kando ya chetezo.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu," akasema Cik Hwa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha kuliko uongo wenyewe.

Yudi aliwasha kijiti cha udi, akainama mbele ya meza, akasema kwa adabu kwamba amesikia. Kisha akaketi na kula bila hamu. Shangazi yake alipakua wali akijiona amevuka. Kesho itakuwa kama jana: ukuta, komeo, tofu, nta.

"Basi nitampigia Bwana Darsono," Yudi alisema.

"Darsono ni nani?"

"Mnunuzi wa nyumba za zamani. Anabomoa, anauza nguzo na milango ya kuchonga kwa wenye hoteli. Alinitafuta mwaka jana, nikamfukuza." Alisukuma sahani. "Siwezi kukuacha chini ya paa lile, shangazi. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata, lakini wazee wameifunga. Semarang nina chumba, ghorofa ya tatu. Meza ya mababu tutaipeleka."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa pale mdomoni, fupi, halina hata mfupa. Lakini kulisema kulikuwa kufungua lango, na kufungua lango kulikuwa kufa, kwa hiyo akalimeza pamoja na wali.

Njia ya mwongo ni fupi. Bwana Darsono alifika wiki hiyohiyo, mtu nadhifu, mwenye pete mbili, akawa anagonga nguzo kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama mnunuzi wa matikiti. Alipapasa ndege waliochongwa kwenye milango ya nyumba kuu. Aliuliza bei ya meza ya mababu, Yudi akamjibu kwa jicho, naye Darsono akasonga mbele. Cik Hwa alimfuata nyuma hatua kwa hatua, bila viatu, hajui afanye nini na mikono yake.

"Kazi nzuri, nzuri sana," Darsono alisema. "Ila nguzo hizi hazipiti kwenye kimlango kile. Siku ya kubeba mtatufungulia lango."

Cik Hwa alishika ukuta. Alikuwa amesema uongo ili lango lisifunguliwe, na sasa litafunguliwa kwa uongo wake mwenyewe. Tena jeneza limeshapatikana. Litatoka vipande vipande, nguzo baada ya nguzo, juu ya mabega ya vibarua, na ndani yake watakuwemo bibi, mama, baba, na kila kitu alichowahi kukiita kwetu.

Hakula siku mbili zilizofuata. Ngatemi alimvumilia siku ya kwanza. Ya pili, alizima jiko la nta, jambo ambalo hakulifanya kamwe kitambaa kikiwa hakijaisha.

"Cik, mimi si mtu wa dini yako," alianza.

"Basi nyamaza."

"Nimenyamaza tangu siku ile, tumbo limevimba. Nimewaona mkitupa vile vipande tangu baba yako yuko hai. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Hiyo ni hapana tangu lini?"

Cik Hwa alitazama mikono yake.

"Naogopa, Ngatemi."

"Najua unaogopa. Unaogopa mpaka paka. Lakini umewasingizia wazee wako, tena waliokufa, hawawezi kujitetea. Mimi ningeogopa hilo kwanza." Ngatemi alikunja kitambaa chake kilichochorwa nusu. "Na wanangu wawili, walioacha kazi ya kiwanda cha sigara waje kujifunza batiki kwangu, niwaambie nini? Kwamba Cik ameogopa lango?"

"Usinisute."

"Nisipokusuta mimi nani atakusuta? Umefungia watu wote nje."

Siku ya lori ilikuwa ya jua kali. Lilisimama mbele ya lango, likazimwa, na vibarua wakaruka chini. Mkono wa mtu ukapiga mtiki kutoka nje, pa, pa, pa. Cik Hwa alikuwa hajasikia mtu akilipiga lango lile tangu miaka ya mawe. Miguu ilianza kwenda jikoni yenyewe. Aliizuia kwa kushika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, na Yudi, aliyekuwa akielekea langoni, akamwona.

"Shangazi, kapumzike ndani. Usione."

"Walikubali," akasema.

"Nani?"

"Wazee. Walikubali mara zote tatu. Mimi ndiye niliyekataa."

Yudi alisimama katikati ya ua. Uso wake ulibadilika polepole, na Cik Hwa aliona hasira ikija, nayo ilikuwa haki yake. Kule nje mkono ulipiga tena.

"Umeniacha niwaombe radhi kwa neno ambalo hawakulisema?"

"Ndiyo."

"Umeniacha nimwite huyu mtu?"

"Ndiyo, Yudi."

Kijana alijipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Nitajuaje kwamba huu wa leo si uongo mwingine? Tupa tena. Tupa mbele yangu."

Je, kama wamekasirika? Je, kama safari hii vyote vitalala kifudifudi? Alijiona amepiga magoti, vipande vinaanguka, na nyumba inaondoka na lori kwa haki kabisa.

"Sitatupa," alisema. "Mzee akishajibu haulizwi tena. Hata wewe unalijua hilo. Wakiulizwa mara ya pili watadhani hatukuwaamini. Na mimi..." Pumzi ilimwishia, akaitafuta. "Mimi naogopa watabadilisha. Lakini walikubali. Nakuapia kwa baba yako."

Hakungoja jibu. Aliiacha nguzo, akavuka ua, akaenda mpaka langoni. Komeo lilikuwa boriti nzima ya mtiki, na lilikuwa limekaa mahali pake tangu mazishi ya baba. Alilisukuma kwa bega, halikutikisika. Alilisukuma tena huku analia, kwa sauti, kama mtoto. Kisha bega lingine lilikuja kando ya bega lake, la Yudi, na upande wa pili likaja la Ngatemi, ambalo ndilo lililomaliza kazi. Boriti ilianguka na kishindo, bawaba zikapiga kelele mbaya mno, na lango likafunguka.

Watu walikuwa wengi. Vibarua, watoto waliokuwa wanatoka madrasa, wanaume wa kibanda cha kahawa cha ng'ambo ya barabara waliokuja wakiwa bado wameshika sigara zao, walizokuwa wakizipaka machicha ya kahawa kwa desturi ya Lasem. Wote wamesimama mbele ya lango wazi, wanatazama ndani. Ilikuwa ni picha ileile aliyoiota tangu usichana wake, na aliitazama mikono yao kabla ya nyuso, akitafuta mawe. Walishika sigara. Walishika misahafu. Mmoja alishika kuku.

"Jamani!" alisema mzee mmoja wa kibanda cha kahawa, kwa mshangao wa kweli. "Kumbe kuna kisima humu! Nimekaa hapa mbele maisha yangu yote!"

Bwana Darsono alipiga hatua mbele, akitabasamu. "Ahsante, Cik. Haya vijana, tuanze na milango ya..."

"Si kwako," alisema Cik Hwa.

"Samahani?"

"Lango halikufunguliwa kwa ajili yako. Hautoki hata ubao hapa."

Darsono alimtazama Yudi, na Yudi akatikisa kichwa. "Nisamehe, Bwana Darsono. Gharama ya lori ni yangu. Nyumba haiuzwi."

"Sasa kama si mimi," Darsono alisema, na hapo alitaka kuudhi, kwa kuwa mila ya lango lile ilijulikana mpaka sokoni, "limefunguliwa kwa ajili ya nani? Kuna harusi hapa? Au mna msiba?"

Wote waligeuka kumtazama Cik Hwa. Hata watoto. Alitaka kuona pipa la rangi, aingie, ajifunike. Badala yake aligeuka akanyoosha mkono.

"Ngatemi. Njoo upite hapa."

Ngatemi alirudi nyuma. Kwa mara ya kwanza Cik Hwa alimwona naye anaogopa. "Mimi? Hapana, Cik. Mimi ni mtu wa mlango wa pembeni."

"Hata mimi," alisema Cik Hwa.

Yudi alikuwa akija nyumba ile tangu utoto wake, na hakuwahi kujiuliza shangazi yake, ambaye hakuolewa na hajafa, alipita pale lini; hata siku za mazishi waombolezaji walizungukia mlango wa pembeni.

Cik Hwa alimshika Ngatemi mkono, mkono wenye harufu ya nta. Kizingiti kilikuwa kirefu, ikambidi ainue mguu kama anayepanda mtumbwi. Hakuwa ameshinda woga wowote, msije mkadhani. Aliogopa kuliko siku za mawe, kwa sababu siku za mawe alikuwa amejificha. Aliuteremsha mguu upande wa pili, kisha mwingine, akasimama barabarani kwenye jua, Ngatemi kando yake, yu hai, katikati ya watu.

Mzee wa kibanda cha kahawa alisogea akampisha kivuli kidogo. Cik Hwa aligeuka. Kwa miaka yote alikuwa akitokea uchochoro wa pembeni, na kutoka huko hakuonekana kitu ila ukuta. Sasa nyumba yake yote ilikuwa mbele yake, imewekwa katikati ya mbao mbili za lango: ua, kisima, baraza, paa na ncha zake. Upande wa kushoto paa lilikuwa limezama, vigae vimeachana, mtu angeweza kupitisha mkono.

"Yudi," aliita, kwa sauti ya juu, barabarani, mbele ya kila mtu. "Paa limebonyea kweli! Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka mitatu, shangazi," alisema Yudi.

"Njoo uone mwenyewe huku. Hapo ulipo huoni."

Yudi alivuka kizingiti akaenda kusimama karibu naye, na wakalitazama paa pamoja, Ngatemi akiwaonyesha kwa kidole pale ambapo mvua itaingilia kwanza.